Haki ya Kusema na Haki ya Kuona: Usajili wa Wateja katika Mifumo ya Huduma

Kampuni inaponunua programu ya kupokea maombi na malalamiko ya wateja, mazungumzo mengi huwa juu ya wafanyakazi wake: nani atajibu, zamu zitapangwaje, ripoti ya mwezi itakwenda kwa nani. Wateja wenyewe hukumbukwa mwishoni. Fundi yuko kwenye ukurasa wa mipangilio, anakutana na swali la mstari mmoja: wateja waruhusiwe kujisajili wenyewe? Anaweka tiki au anaiondoa, kisha anaendelea na mengine. Meneja wa huduma kwa wateja hakuulizwa, na mwanasheria wa kampuni hajui kuwa uamuzi umeshapita.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Ndio unaoamua kama mwenye duka la dawa kule Songea ataweza kusema kwamba mzigo wake umefika pungufu. Ndio pia unaoamua kama mtu asiyemhusu ataweza kusoma alichonunua, kwa bei gani, na anadaiwa kiasi gani. Mambo hayo mawili yamefichwa nyuma ya swichi moja, wala hayafanani. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba haki ya kusema na haki ya kuona zitenganishwe tangu siku ya kwanza. Kusema kuwe rahisi kwa kila mtu, na kuona kuwe kwa aliyethibitishwa peke yake. Kampuni nyingi zimefanya kinyume: humjazisha mteja fomu ndefu kabla hajalalamika, na akishaingia hakuna anayeangalia tena anachokiona.

Mteja asiyeonekana kwenye ankara

Programu hizi zina watu wa aina mbili. Kuna wahudumu, yaani wafanyakazi wa kampuni wanaopokea tiketi (maombi na malalamiko yaliyoingia kwenye mfumo) na kuzijibu, na kuna wateja wa nje wanaozifungua. Zendesk, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 2007, na Jira Service Management ya kampuni ya Atlassian ya Australia, iliyotoka mwaka 2013 kwa jina jingine na kupewa jina la sasa mwaka 2020, hutoza kwa idadi ya wahudumu. Odoo ya Ubelgiji nayo humtoza mwenye programu kwa watumiaji wa ndani. Mteja anayeingia kuangalia oda na ankara zake halipiwi.

Utaratibu huo ni nafuu kubwa kwa biashara ndogo. Kampuni yenye wahudumu watatu inaweza kuhudumia maelfu ya wateja bila bei kupanda. Lakini una athari moja ambayo wauzaji wa programu hawaitangazi: kisichoonekana kwenye ankara hakina anayekihesabu. Mhudumu akiacha kazi, mhasibu huuliza kwa nini nafasi yake bado inalipiwa, na akaunti inafungwa wiki hiyohiyo. Mteja akihamia kwa mshindani, au karani wake akifukuzwa kazi, hakuna anayeuliza. Akaunti inabaki wazi, na kumbukumbu zake zote zimo ndani.

Kwa hiyo usajili wa wateja una maswali ambayo hayana mwenyewe. Nani anaruhusiwa kutuandikia? Tunajuaje kuwa ni yeye? Anasema kwa niaba ya nani? Anaruhusiwa kuona nini, na mpaka lini? Kila swali lina jibu lake, na linahitaji mtu wa kulisimamia.

Njia tatu za kumpokea mteja

Ukiweka kando majina ya kibiashara, mifumo yote ina njia tatu. Mteja anaweza kubaki mgeni asiye na akaunti, anaweza kualikwa na kampuni, au anaweza kujifungulia akaunti mwenyewe.

Anayetaka kuona njia hizo zikiwa zimetenganishwa vizuri aangalie osTicket, programu huria isiyolipiwa ambayo taasisi ndogo nyingi duniani huiweka kwenye seva zao. Mipangilio yake ya watumiaji ina machaguo matatu: usajili uzimwe na kila mtu awe mgeni, uwe wa umma, au uwe wa faragha, ambapo wahudumu peke yao ndio wanaowasajili wateja. Pembeni kuna swichi nyingine inayojitegemea: je, ni lazima mtu aingie kwenye akaunti ndipo afungue tiketi? Kisha kuna ya tatu: mgeni anayetaka kujua tiketi yake imefikia wapi, je, aandike barua pepe na namba ya tiketi tu, au atumiwe kwanza kiungo kwenye barua pepe hiyo ndipo aione? Swichi ya pili inahusu kusema, na ya tatu inahusu kuona. Anayeielewa tofauti hiyo ameshaielewa nusu ya kazi.

Odoo imeurahisisha uchaguzi huo: akaunti ya mteja iwe kwa mwaliko, au watu wajisajili bure. Jira Service Management imeupanga kwa ngazi. Kwenye mfumo mzima unaamua kama wateja wa nje wanaweza kujifungulia akaunti. Kwenye kila mradi wa huduma unaamua kama lango, yaani ukurasa wa kuingilia wateja, ni la yeyote au ni la wateja walioongezwa na wahudumu. Halafu kuna swali linalosahaulika kuliko yote: mteja akishafungua tiketi anaweza kuishiriki na nani, na wenzake walio kwenye kundi la kampuni yake tu, au na mteja yeyote? Hatari ya ngazi hizi ni fundi kufunga moja na kuamini kuwa amefunga zote. Lango la mradi likiwa limezuiwa lakini usajili wa mfumo mzima uko wazi, wageni wataendelea kujifungulia akaunti zisizo na kazi, zikisubiri siku mtu atakapoanzisha mradi mpya na kuuacha wazi kwa kila mwenye akaunti.

Desturi yetu ya nyumbani inaijua tofauti hii bila kufundishwa. Mgeni akipiga hodi hukaribishwa barazani, hupewa maji na husikilizwa shida yake. Kuingia vyumbani ni hatua nyingine, na huanza baada ya kujulikana ni nani na amefuata nini. Programu nyingi hazina baraza. Zina mlango mmoja, na ukifunguka unajikuta vyumbani.

Huduma bila akaunti: somo la LUKU

Kabla ya kuuliza mteja asajiliwe vipi, iulizwe kama kuna haja ya kumsajili. Tanzania ina mfano mzuri wa kujibia. Anayenunua umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, anataja namba ya mita, analipa kwa simu au kwa wakala, na anapata tokeni ya tarakimu 20 ya kuingiza kwenye mita. Haulizwi nywila. Haulizwi jina. Kijana aliyeko Mwanza anaweza kumnunulia umeme mama yake aliyeko Tanga, na jirani anaweza kumnunulia jirani.

Jambo hili linawezekana kwa sababu moja ya msingi: tokeni iliyotolewa kwa mita fulani haifanyi kazi kwenye mita nyingine. Mtu baki akijua namba ya mita yako, madhara makubwa anayoweza kukufanyia ni kukulipia umeme. Namba ya malipo ya serikali nayo iko hivyo. Yeyote aliye nayo anaweza kulipa, na fedha haziwezi kwenda kwingine.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni nyepesi, nayo ingeokoa fomu nyingi. Kwa kila jambo ambalo mteja anaweza kulifanya kwenye mfumo, uliza: mtu baki akilifanya kwa jina lake, ataumia nani? Kuripoti nguzo iliyoanguka, bomba lililopasuka au intaneti iliyokatika mtaa mzima hakumuumizi mtu, kwa hiyo hakuhitaji akaunti. Kuomba bei ya bidhaa hakuhitaji akaunti. Kuona madeni, kubadilisha anwani ya kupelekewa mzigo, kuhamisha mita au laini kwenda jina jingine, kunahitaji akaunti na uthibitisho ulio imara. Kampuni ikiorodhesha huduma zake zote kwenye karatasi na kuzigawa mafungu mawili kwa swali hilo, mara nyingi itagundua kuwa fungu la kwanza ni kubwa kuliko ilivyodhani.

Barua pepe ilivyomsaliti mwenyewe

Pale ambapo akaunti inahitajika, swali linalofuata ni uthibitisho. Mifumo karibu yote imejengwa juu ya barua pepe: umeandika anwani, umebonyeza kiungo kilichotumwa, basi anwani ni yako. Hatua ya kiungo ikirukwa, kinachofuata ni kama alichokionyesha mtafiti wa usalama wa Ubelgiji, Inti De Ceukelaire, mwezi Septemba 2017. Inafaa kukifuata hatua kwa hatua.

Kampuni nyingi zina anwani ya msaada ambayo kila barua inayofika hugeuzwa tiketi. Mwenye tiketi, kwa hesabu ya mfumo, ni anwani iliyotuma barua hiyo. Baadhi ya mifumo ilimruhusu mtu kujisajili kwenye lango la wateja kwa barua pepe yoyote bila kuithibitisha. De Ceukelaire akajisajili kwenye lango la namna hiyo kwa anwani ambayo Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, huitumia kutuma barua zake. Kisha akaenda Slack kwenyewe na kuomba kujiunga na mazungumzo ya kampuni hiyo, akijitambulisha kwa anwani ya msaada ya kampuni. Slack ikatuma barua ya uthibitisho kwenye anwani ya msaada. Barua ikageuka tiketi. Mwenye tiketi akawa anwani ya Slack, yaani yeye aliyejisajili kwa anwani hiyo. Akafungua lango, akaisoma, akabonyeza kiungo, akaingia kwenye mazungumzo ya wafanyakazi.

Hakuna nywila iliyovunjwa. Kila mfumo ulifanya kazi yake kama ulivyoandikwa. Kosa lilikuwa kumpa mtu haki ya kuona kabla ya kuhakikisha kuwa ndiye. Slack baadaye ikaanza kuongeza herufi za kubahatisha kwenye anwani yake ya kutumia barua ili isiweze kutabirika, lakini dawa yenyewe ilikuwa upande wa malango: uthibitisho kwanza, kuona baadaye.

Hatari nyingine iko kwenye akaunti zilizofunguliwa na hazijawahi kutumika. Februari 2023 Atlassian ilitoa onyo juu ya udhaifu uliopewa namba CVE-2023-22501, katika matoleo ya Jira Service Management yanayowekwa kwenye seva za kampuni zenyewe. Katika mazingira fulani mshambuliaji aliweza kupata tokeni za kukamilishia usajili za akaunti ambazo wenyewe hawajawahi kuingia, na kujifanya wao. Onyo hilo lilikuwa na maelezo ya kuzingatiwa sana: watumiaji wanaoingia kupitia utambulisho mmoja wa kampuni hawakuathirika, ila wateja wa nje wanaowasiliana kwa barua pepe waliathirika hata pale utambulisho huo ulipokuwa umewekwa. Kampuni ilikuwa imejenga ukuta upande wa wafanyakazi, na upande wa wateja ukabaki wazi. Anayepakia orodha ya wateja elfu mbili kwa siku moja, na kuwatumia mialiko ambayo wengi wao hawataifungua, ajue anatengeneza akaunti za aina hiyo. Mwaliko uwe na muda wa kuisha, na usiotumika ufutwe.

Namba ya simu na mipaka yake

Afrika Mashariki swali la uthibitisho lina sura yake. Mwenye duka la jumla Kariakoo anaweza kuwa na barua pepe aliyofunguliwa na mpwa wake siku aliponunua simu, na hakumbuki nywila yake. Simu anayo mkononi saa zote, ndiyo inayopokea oda na ndiyo inayopokea fedha. Kumlazimisha ajisajili kwa barua pepe ni kumwambia amtafute mtu wa kumsajilia, na huyo mtu ndiye atakayeijua nywila.

Kwa hiyo namba ya simu ni msingi wa busara. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Namba ina mtu nyuma yake. Hata hivyo mipaka yake ijulikane. Namba inathibitisha laini, haithibitishi nani ameishika simu muda huo. Simu ya dukani hushikwa na anayekaa dukani. Namba iliyoachwa kutumika kwa muda hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye hataona ajabu kupokea namba za uhakiki za akaunti asiyoijua. Laini huweza kuhamishwa na matapeli. Na kila anayeishi hapa ameshasikia sauti ya simu ikimwambia, "Kuna namba imeingia kwako kimakosa, naomba unisomee." Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliuweka uthibitisho wa SMS katika kundi la njia zenye masharti kwa sababu za aina hiyo.

Gharama nayo ipo. Kila SMS ya uhakiki inalipiwa na kampuni. Fomu ya usajili isiyo na kikomo inaweza kupigwa na roboti usiku kucha, na asubuhi salio la SMS limekwisha. Kwa hiyo namba ya simu itumike pamoja na kitu cha pili kinachotoka kwenye uhusiano wenyewe wa biashara: namba ya mkataba, namba ya mita, au namba ya ankara ya mwisho. Namba ya mkataba peke yake inaweza kuokotwa kwenye karatasi, na simu peke yake inaweza kuibwa. Vikidaiwa vyote viwili, kazi ya tapeli inakuwa ngumu, na mteja wa kweli hajaongezewa mzigo, kwa sababu vyote anavyo.

Anasema kwa niaba ya nani?

Mteja wa biashara mara chache ni mtu mmoja. Tuchukue msambazaji wa dawa na vifaa tiba wa Dar es Salaam anayeuzia maduka ya mikoani. Duka moja la Songea lina mmiliki, mfamasia, karani wa stoo, na mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi na anayefanyia kazi maduka mengine matatu. Karani anatakiwa kuripoti mzigo uliopungua. Mfamasia anatakiwa kuuliza juu ya toleo la dawa lililorudishwa. Mhasibu anatakiwa kuona ankara. Mmiliki anatakiwa kuona yote, na hataki karani ajue bei ya kununulia.

Mifumo ya kigeni hulitatua hili kwa kikoa cha barua pepe: kila mwenye anwani inayoishia na jina la kampuni fulani huingizwa moja kwa moja kwenye kundi la kampuni hiyo. Njia hiyo inafaa kwa benki na mashirika makubwa. Kwa maduka ya Songea, Kigoma na Lindi, ambayo wenyewe wanatumia Gmail, ni hatari tupu. Msimamizi wa mfumo akiandika gmail.com kama kikoa cha mteja mmoja, kila mwenye Gmail atakayejisajili atawekwa kwenye kundi la mteja huyo, na kama wana kundi wanaruhusiwa kuona tiketi za wenzao, ataziona.

Njia inayofaa zaidi ni kumpa mmiliki mamlaka juu ya watu wake. Kampuni inamthibitisha mtu mmoja kwa uangalifu: kwa mkataba, kwa simu iliyopigwa kwenye namba iliyoko kwenye mkataba, au kwa afisa mauzo anayemfahamu ana kwa ana. Huyo ndiye anayewaalika karani, mfamasia na mhasibu, na ndiye anayewatoa. Karani akiacha kazi Jumamosi, mmiliki anamwondoa Jumamosi hiyohiyo bila kusubiri Dar es Salaam ifungue ofisi Jumatatu. Jukumu limekwenda kwa anayejua, na kampuni imebaki na mtu mmoja wa kumthibitisha kwa kila duka. Pia liepukwe jambo linaloonekana kuwa la msaada, la duka zima kutumia akaunti moja na nywila moja. Siku kukitokea ubishi juu ya nani aliidhinisha oda, akaunti ya pamoja haina jibu.

Kuona: pale madhara makubwa yalipotokea

Baadhi ya visa vikubwa vya miaka ya karibuni havikutokana na wezi waliopita kwenye usajili kwa ujanja. Vilitokana na malango yaliyowaonyesha wageni zaidi ya walichostahili. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilieleza jinsi malango yaliyojengwa kwa Power Apps ya Microsoft yalivyoacha wazi kumbukumbu milioni 38 za taasisi 47, zikiwamo American Airlines, Ford na idara ya afya ya jimbo la Maryland. Sababu ilikuwa mpangilio wa awali wa programu: majedwali yaliyotolewa kwa njia fulani yalionekana na yeyote, mpaka msimamizi akumbuke kuyazuia. Microsoft baadaye iliugeuza mpangilio huo uanze ukiwa umefungwa. Aprili 2023 mwandishi Brian Krebs aliandika juu ya malango ya Salesforce ambayo haki za mgeni asiye na akaunti zilikuwa zimepanuliwa kupita kiasi, likiwamo la jimbo la Vermont lililohusu maombi ya mafao ya ukosefu wa kazi.

Kuna pia vitu ambavyo wateja wenyewe huambatisha. Mwaka 2023 mshambuliaji aliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni ambayo biashara yake ni utambulisho wa kidijitali. Alifikia mafaili ya wateja 134, na ndani ya baadhi yake kulikuwa na tokeni zilizowezesha kuingia kwenye akaunti zao. Baadaye ikabainika kuwa alipakua pia majina na barua pepe za watumiaji wa mfumo huo wa msaada. Mteja anapoomba msaada huambatisha picha ya kitambulisho, risiti ya benki au picha ya skrini yenye siri zake. Tiketi zinageuka ghala la siri, na akaunti ya mteja ndiyo ufunguo. Viambatisho viwekewe muda wa kufutwa, na mhudumu aone vya tiketi anayoishughulikia tu.

Sheria imeingia kwenye fomu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Uganda vilevile. Zote zinakubaliana kwenye msingi mmoja: kusanya unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, usizidishe. Pia zina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi, jambo linalozigusa kampuni zote zinazotumia programu ambazo seva zake ziko Ulaya au Marekani.

Msingi huo unavunjwa kila siku kwenye fomu za usajili. Fomu inadai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ili mtu aulize kwa nini intaneti yake inakwenda polepole. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Aliyeiomba amejua umri wa mteja hata kama hakuuliza. Kwa anayefungua akaunti ya fedha namba hiyo ina sababu. Kwa anayelalamikia mzigo haina. Na gharama ya kupuuza si ya kinadharia: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya ilizitoza faini taasisi tatu kwa pamoja, mkopeshaji wa mtandaoni, ukumbi wa burudani na shule. Shule peke yake ilitozwa KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Pingamizi la takataka

Wasimamizi wa mifumo watasema kuwa kuuacha mlango wa malalamiko wazi kutaleta takataka. Wana haki ya kuogopa. Oktoba 2025 Krebs aliandika jinsi washambuliaji walivyotumia mifumo ya Zendesk ya kampuni nyingi, iliyoruhusu yeyote kufungua tiketi, kumfurikia mtu barua pepe. Walifungua tiketi kwa anwani yake, wakaandika vichwa vya barua wanavyotaka, na kila mfumo ukamjibu kuwa ombi lake limepokelewa. Barua zilitoka kwenye vikoa halali vya kampuni zinazojulikana.

Lakini tazama kilichosababisha madhara. Kupokea tiketi ya mtu asiyejulikana hakukumdhuru yeyote. Kilichodhuru ni mfumo kutuma barua kwa anwani ambayo haijathibitishwa, tena ikiwa na maneno aliyoyaandika mshambuliaji. Hapo ndipo pa kuzuia. Mfumo umpokee kila mtu. Jibu la kwanza kwa anwani mpya liwe fupi, lisiwe na hata neno moja la mtumaji, liwe na kiungo cha kuthibitisha tu. Na idadi ya tiketi kwa saa kutoka chanzo kimoja iwe na kikomo. Ukurasa wa kuingia nao usiseme kama barua pepe fulani imesajiliwa au haijasajiliwa, maana jibu hilo humsaidia anayetafuta orodha ya wateja wako. Hatua hizi zinapatikana kwenye mifumo mingi kwa mipangilio, na pasipopatikana ni sababu ya kutosha ya kuchagua mfumo mwingine.

Kazi ya kuanzia

Kampuni ambayo tayari ina mfumo haina haja ya kuubomoa. Ianze kwa kutoa orodha ya akaunti zote za wateja, na kutenga zile ambazo hazijaingia kwa mwaka mzima na zile ambazo hazijawahi kuingia kabisa. Kisha mtu mmoja afungue lango kwenye kompyuta isiyo ya kazini, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, aandike kila anachokiona. Ajisajili kwa barua pepe mpya, aandike tena. Ajaribu kulalamika kama mteja asiyejua kompyuta, kwa simu ndogo na bando dogo, aone atakwama wapi. Majibu ya mazoezi hayo matatu yapelekwe kwa meneja wa huduma, kwa mwanasheria na kwa mkurugenzi, kwa sababu yanahusu sifa ya kampuni, dhamana yake mbele ya sheria, na watu wanaoilipa. Fundi atekeleze walichoamua. Asiachiwe kuamua peke yake.

Mteja aliyeko mbali na makao makuu hana dirisha jingine la kuisemesha kampuni zaidi ya mfumo huu. Akizuiwa kusema, atanyamaza, na siku moja atahamia kwingine bila kampuni kujua sababu. Siri zake zikionekana na wengine, hatarudi hata akiombwa. Kampuni inayomheshimu itayalinda yote mawili, na itakuwa na mtu mmoja mwenye jina na cheo anayeulizwa yakiharibika.